OraQuick, kile "kipimo cha mate": tathmini ya kujipima VVU ukiwa Dar es Salaam

Ukifungua pakiti ya OraQuick juu ya kitanda, vinavyotoka ni vichache: mfuko wenye vyumba viwili, kijiti cha plastiki chenye ncha bapa na kidirisha katikati, kichupa chenye kimiminika, kishikio cha kukisimamisha kichupa, na karatasi ya maelekezo yenye picha. Hakuna sindano wala damu. Kuanzia dakika ya 20 baada ya kukitumbukiza kijiti, mtu anaona kama mwili wake umeshatengeneza kingamwili dhidi ya VVU, iwe ni HIV-1 au HIV-2. Mtaani kinaitwa kipimo cha mate, na jina hilo ndilo linalozaa kosa la kwanza la watumiaji.

Msimamo wetu tunautoa mapema. Kifaa chenyewe ni kizuri, na tunakipendekeza kwa yeyote asiyejua hali yake na anayeona uzito kukaa kwenye benchi la chumba cha ushauri nasaha. Ila ni nusu ya huduma. Nusu nyingine iko kituoni, na anayempa mtu kipimo bila kumwambia aende wapi baadaye hajamsaidia inavyotakiwa.

Tuanze na namna ya kukitumia, maana hapo ndipo majibu yanapoharibika.

Wakati mzuri ni asubuhi, kabla ya chai na kabla ya mswaki. Maelekezo yanataka usile wala usinywe kitu kwa dakika 15 kabla ya kupima, na kama umepiga mswaki au umesukutua kwa dawa ya kinywa, subiri dakika 30. Kahawa ya kijiweni na bazoka vinahesabika. Mwenye meno ya bandia ayatoe. Weka simu karibu kwa ajili ya saa, tafuta meza au kigoda kisichoyumba, usimamishe kichupa kwenye kishikio chake, kisha ukifungue taratibu. Kimiminika kikimwagika, kipimo hicho kimekwisha. Usiongeze maji wala usijaribu kukiokoa. Usikinywe pia. Kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu kilichomo ndani ya mfuko kitupe, hakina kazi kwenye kupima.

Sasa kijiti. Usiguse ncha bapa kwa vidole. Ibonyeze kwenye fizi za juu, pale fizi inapokutana na meno, uiburute mara moja kutoka upande mmoja hadi mwingine. Halafu fizi za chini, mara moja. Basi. Watu wakisikia "mate" hulamba kijiti, hukisugua kwenye ulimi, wengine hukiweka chini ya ulimi kama kipimajoto. Huko siko. Kinachotafutwa ni majimaji yanayotoka kwenye fizi, kwa sababu ndiyo yenye kingamwili za kutosha. Na jambo hili lisemwe kwa sauti, kwani linatia watu hofu bure: kipimo hakitafuti virusi mdomoni, kinatafuta kingamwili. Mstari wa pili, ule unaotokea kingamwili zikionekana, haumaanishi kwamba mate yanaambukiza.

Tumbukiza kijiti kwenye kichupa mpaka ncha iguse chini, kidirisha kikikutazama. Utaona rangi ya waridi inapanda kwenye kidirisha kisha inafifia. Hiyo ni kawaida. Usikitoe kijiti. Subiri dakika 20 kamili, soma, na usisome tena baada ya dakika 40. Wengi huharibu hapa kwa pande zote mbili. Kuna anayesoma dakika ya tano, anaona mstari mmoja, anashangilia na kukitupa, ilhali mstari wa pili huenda ulikuwa bado haujajitokeza. Kuna anayelala na kijiti ndani ya kichupa, anaamka asubuhi na kusoma kitu ambacho mtengenezaji hakubali kukitetea tena.

Kidirisha kina alama mbili, C na T. Mstari kwenye C peke yake maana yake kingamwili hazikuonekana. Mstari kwenye C na mwingine kwenye T, hata kama wa T umefifia kama alama ya penseli iliyofutwa, maana yake zimeonekana na unatakiwa kwenda kuthibitisha. Kusipokuwa na mstari wa C, hata kama T umetokea, kipimo hakikufanya kazi, tumia kingine. Mstari wa C wa kifaa hiki haukuchorwa kwa urembo. Unatokea pale tu ambapo kingamwili za kawaida za binadamu zimeingia kwenye kimiminika, kwa hiyo kijiti ambacho hakikugusa fizi vizuri hujifichua chenyewe. Ni ubunifu tunaousifu kwa dhati, hasa kwa kifaa kinachotumiwa na mtu asiye na mafunzo.

Ule mstari uliofifia ndio unaohitaji mwanga. Kwenye chumba cha kupanga chenye dirisha moja linalotazamana na ukuta wa jirani, au usiku LUKU imekata, mtu anaweza kuukosa kabisa. Tochi ya simu inasaidia ukiimulika kutoka pembeni; ukiimulika moja kwa moja, plastiki inang'aa na mstari unapotea. Anayevaa miwani avae.

Halafu kuna joto, tatizo ambalo jiji letu linalo na karatasi ya maelekezo inalitaja kwa mstari mmoja tu. Kipimo kinatakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 30 za Selsiasi, na kufanyika kwenye nyuzi 15 hadi 37. Dar mwezi Februari joto la mchana hupita 30 hata kivulini, achilia mbali ndani ya kibanda cha bati, kwenye dashibodi ya bajaji au kwenye begi la mwelimisha rika aliyetembea Manzese kutwa nzima. Vitendanishi (dawa za kupimia) vilivyopakwa kwenye ukanda ulio ndani ya kijiti ni protini, na protini hazipendi kupikwa. Mbaya zaidi, kuharibika kwake hakuonekani kwa macho: pakiti inabaki safi, tarehe bado haijafika. Kwa hiyo ukienda famasi, usiishie kuangalia tarehe. Angalia pakiti ilikuwa wapi. "Dada, samahani, hivi vipimo mnaviweka wapi?" ni swali la heshima kabisa, na mtoa dawa makini atakuonyesha rafu ya ndani yenye kiyoyozi bila kununa. Kikitoka kwenye boksi lililokaa mlangoni juani, rudisha. Kikitoka kwenye friji, kiache kwanza kifikie joto la chumba kabla ya kukifungua.

Kinaaminika kiasi gani? Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipokiidhinisha Julai 2012 kiuzwe kwa matumizi ya nyumbani, majaribio ya watu wasio na mafunzo yalionyesha kiliwatambua asilimia 92 ya wenye maambukizi, na kwa wasio na maambukizi kilisema kweli kwa asilimia 99.98. Tuyaweke mahesabu hayo nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta VVU kwa asilimia 4.4 ya Watanzania wa miaka 15 na kuendelea. Chukua watu 1,000 wa kiwango hicho: 44 wana VVU, na kwa viwango vya majaribio yale kipimo kingewaonyesha takriban 40 na kuwakosa wanne. Kati ya 956 wasio na VVU, hata mmoja kwa shida angepewa mistari miwili kimakosa. Ndiyo maana mistari miwili ni ya kuchukuliwa kwa uzito mkubwa, na mstari mmoja ni wa kuchukuliwa kwa masharti.

Sharti la kwanza ni kipindi cha matazamio. Mwili huchukua muda kutengeneza kingamwili, na kwa kipimo cha fizi hesabu miezi mitatu tangu tukio la mwisho la hatari. Tukio likiwa la wiki jana, mstari mmoja haukuambii chochote kuhusu wiki jana. Likiwa la jana au juzi, acha kabisa kutafuta kipimo cha kujipima. Nenda kituoni ndani ya saa 72 uombe PEP, dawa za kinga zinazomezwa kwa siku 28. Kila saa ina thamani hapo.

Sharti la pili linahusu wanaotumia ARV. Huu ndio udhaifu tunaoutaka uandikwe kwa herufi kubwa zaidi kwenye pakiti. Mtu aliyefubaza virusi kwa dawa anaweza kuwa na kingamwili chache kiasi kwamba kipimo cha fizi kinaonyesha mstari mmoja. Hajapona. Akiacha dawa, virusi vinarudi juu. Kwenye jiji ambalo mabango ya maombezi na dawa za mitishamba yamejaa kila nguzo, mstari mmoja wa namna hiyo unaweza kugharimu maisha. Mwenye hali inayojulikana tayari asijipime, na asipimwe na mtu kumhakikishia kwamba "ametakasika". Wanaotumia PrEP, dawa za kujikinga zinazotumiwa kabla ya tukio la hatari, nao vipimo vyao ni vya damu kituoni.

Mistari miwili ikitokea, hatua inayofuata ni kipimo cha kuthibitisha. Kipimo kimoja, kiwe cha fizi au cha damu, hakimfanyi mtu kuwa mgonjwa. Mwongozo unataka vipimo vya damu kwa mfuatano kituoni, na vikikubaliana ndipo jibu linatolewa. Hospitali za Mwananyamala, Amana na Temeke zote zina CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, na vituo vya afya vingi vya wilaya navyo vinazo. Usiogope kwenda mbali na mtaa wako. Wakazi wengi wa Mbagala huona afadhali kupanda gari hadi Mwananyamala kuliko kukutana na jirani kwenye foleni ya karibu, na hakuna kanuni inayowazuia. Dirishani sema tu: "Nimejipima nyumbani, nimekuja kuthibitisha." Huhitaji kubeba kijiti kama ushahidi, watapima upya. Tangu 2016 Tanzania inaanzisha dawa kwa kila anayethibitika, bila kusubiri kinga ishuke, na dawa ni bure.

Ubure huo haukudondoka kutoka angani, na wala bei ya kipimo hiki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ARV za mgonjwa mmoja kwa mwaka zilikuwa zinauzwa zaidi ya dola 10,000. Wanaharakati waliandamana Durban kwenye mkutano wa kimataifa wa UKIMWI wa 2000, na Februari 2001 kampuni ya India, Cipla, ikatangaza mseto wa ARV kwa dola 350 kwa mwaka kwa mashirika ya misaada. Novemba 2001 Azimio la Doha la Shirika la Biashara Duniani likathibitisha haki ya nchi kutanguliza afya ya umma mbele ya hataza, yaani haki za kampuni kumiliki uvumbuzi wake. Mwaka 2023 Mfuko wa Dunia ulitangaza kwamba mseto wa ARV uitwao TLD, ambao ndio wengi wanautumia hapa kwetu, umeshuka chini ya dola 45 kwa mwaka. Soko lilelile la dunia lililowanyima watu dawa ndilo lililobanwa mpaka likazitoa.

OraQuick imepita njia inayofanana na hiyo. Inatengenezwa na OraSure ya Bethlehem, Pennsylvania, na ilipoingia kwenye famasi za Marekani 2012 ilikuwa karibu dola 40. Desemba 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa kujipima. 2017 likaipitisha OraQuick, na mwaka huohuo taasisi ya Gates ikaingia mkataba wa kufidia bei ishuke hadi dola 2 kwa nchi 50. Julai 2022 likaja tangazo la kipimo cha damu cha kampuni ya Kichina, Wondfo, kwa dola 1. Tofauti ya dola 40 na dola 2 ni tofauti ya bidhaa ya wenye nacho na bidhaa inayoweza kugawiwa Tandale. Kwa sababu hiyo anzia kituo cha serikali kabla ya kutoa hela: vinavyokuja kwa mpango wa taifa hutolewa bila malipo, na boksi la bure likiuzwa kwako kinyemela una haki ya kukataa.

Sheria yetu ilichelewa kidogo. Sheria ya UKIMWI ya 2008 haikuwa na nafasi ya mtu kujipima. Novemba 2019 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyoruhusu kujipima na kushusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Kwa binti wa miaka 16 wa Buguruni mwenye sababu nzito za kutotaka mzazi ajue, huo ni mlango. Kwa wanaume pia, ambao kampeni ya Furaha Yangu ya 2018 iliwalenga kwa sababu walikuwa wanapima kidogo kuliko wanawake: dereva wa bodaboda hapotezi nusu siku ya hesabu ya bosi kwa kukaa foleni. Na kwa watu wa makundi maalumu, yaani yale yaliyo kwenye hatari kubwa zaidi ya VVU, ambao mwaka 2017 serikali ilifunga vituo 40 walivyokuwa wanavitegemea, kipimo kinachopita mkono kwa mkono kupitia mwelimisha rika wanayemwamini kilibaki miongoni mwa njia chache za kuwafikia.

Ila kinachopita mkono kwa mkono hupita pia kwenye mkono usiofaa. Kwa kuwa ni chepesi na hakina damu, mwajiri anaweza kukiweka mezani mbele ya dada wa kazi za nyumbani siku ya kwanza, na mume akamsimamia mke mpaka asugue. Sheria ya 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima, isipokuwa mazingira machache kama amri ya mahakama, na kosa halifutiki kwa sababu kipimo ni cha plastiki na kimefanyika sebuleni. Ukimpelekea mwenza wako kipimo, mpe na uondoke, au pimeni wote wawili kwa pamoja. Ukihofia kupigwa, usipime naye chumbani; nendeni kituoni, au nenda peke yako.

Simu nayo ina pande mbili. Ni saa, ni tochi, na video fupi ya maelekezo humsaidia asiyesoma vizuri kuliko karatasi yoyote. Lakini kuna mtindo wa kumwomba mtu apige picha kidirisha na kuituma WhatsApp ili mhudumu "athibitishe". Picha hiyo inabaki kwenye simu ya mtu, inajihifadhi yenyewe, na siku moja mtoto anachezea simu hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Mhudumu akihitaji kujua, apigiwe simu. Akisisitiza picha, isiwe na uso, jina wala kitu cha chumbani kinachotambulika, na ifutwe pande zote mbili wakati huohuo. Kuhusu taka, kijiti kilichotumika si hatari na kinaweza kwenda na taka za kawaida. Kwenye nyumba ya wapangaji kumi wanaotumia pipa moja, kifunge kwenye gazeti na uchane boksi.

Wanaouliza kama cha damu ni bora: kwa usahihi, ndiyo, kidogo, na hugundua mapema zaidi kwa sababu damu ina kingamwili nyingi. INSTI, mojawapo ya vipimo vya damu, hutoa jibu ndani ya dakika moja. Tatizo ni tone. Wengi hujichoma kwa woga, tone linakuwa dogo, kipimo kinabatilika. Kwa anayejipima mara ya kwanza akiwa peke yake tungemshauri fizi. Aliyezoea kujichoma kidole kwa ajili ya sukari achukue cha damu.

Mashaka yetu makubwa kwa sasa ni upatikanaji. Sehemu kubwa ya mapambano ya VVU nchini imebebwa na fedha za Marekani kupitia PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, tangu 2003, na amri ya Januari 20, 2025 ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ilionyesha jinsi boksi la vipimo la Temeke linavyotegemea saini ya Washington. Utafiti ule wa 2022-2023 ulikuta asilimia 82.7 ya wenye VVU wanajua hali zao. Waliobaki ndio hasa kipimo hiki kilikusudiwa kuwafikia, na ndio wa kwanza kukosa pale waelimisha rika wanapokosa nauli. Bajeti ya vipimo inatakiwa kuingia kwenye mipango ya halmashauri zenyewe, na wakazi wana haki ya kuiulizia kwenye mkutano wa mtaa kama wanavyoulizia mitaro.

Ukienda kituoni ukaambiwa vya kujipima vimekwisha, usirudi nyumbani. Chumba cha upimaji wa kawaida kipo palepale, kipimo cha damu ni bure, na majibu unayapata siku hiyohiyo. Namba 199 ya Wizara ya Afya haikati salio, piga uulize kabla ya kupanda gari.